Rehema Ana Mikono: Utendi wa Ayubu na Majina ya Ngara

Muhula uliopita tulibishana sana vimbwetani. Mwenzangu mmoja, mtu wa nadharia hasa, alidai kwamba fasihi yoyote inayomwambia mnyonge "mtegemee Mungu" ni kasumba tu. Tangu Karl Marx aifananishe dini na afyuni, akasema, mjadala ulishafungwa. Wengine wakamjibu kwa hasira kwamba yeye ni mpagani, na mambo yakafia hapo, kama ilivyo kawaida yetu. Mimi sikuridhika na upande wowote. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba kauli ya kumtumaini Mungu wakati wa dhiki haiwezi kuhakikiwa mpaka kwanza tuulize: nani anaisema, na mikono yake imefanya nini?

Nitatumia kazi mbili. Ya kwanza tunaisoma darasani: Utendi wa Ayubu, ambao J.W.T. Allen aliuchapisha katika kitabu chake Tendi mwaka 1971. Ya pili haimo katika desa lolote: ni majina na misemo ya watu wa kwetu, Ngara na Biharamulo. Msishangae. Kama methali ni fasihi, basi na jina la mtu lenye sentensi nzima ndani yake ni fasihi.

Tuanze na Ayubu. Kisa twakijua: tajiri mcha Mungu anapokonywa mali, watoto na afya, naye haachi imani, mwishowe anarudishiwa. Kifani, ni utendi wa kawaida. Ubeti una mishororo minne yenye mizani nane nane. Mitatu ya kwanza hubadili kina kila ubeti, wa nne hushikilia kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Naona kina hicho cha bahari kinafanya kazi ya kimaudhui pia. Hata litokee janga gani ndani ya ubeti, sikio linajua litatua wapi. Msikilizaji anafundishwa subira kwa sikio kabla ya kufundishwa kwa akili.

Lakini hapo hapo ndipo penye udhaifu. Msimulizi anaujua mwisho, na sisi tunaujua. Tunafahamu mapema kwamba huu ni mtihani. Ayubu peke yake ndiye asiyejua. Ni rahisi kuhimiza subira ukiwa umeshaona ukurasa wa mwisho. Kama tukiishia hapo, mwenzangu wa vimbwetani ameshinda.

Sasa, darasani tulimtazama Ayubu tu. Tulimsahau mkewe. Katika mapokeo ya Kiislamu, ambamo utendi huu umechota, mke huyo huitwa Rehema. Watu wanapomkimbia Ayubu kwa ugonjwa wake, yeye hufanya vibarua kwa watu apate chakula cha kumlisha. Jina hilo si la bure. Ayubu anaiomba rehema ya Mungu, kumbe Rehema mwenyewe yuko jikoni mwa watu akitafuta riziki. Mwondoe mwanamke huyu, na Ayubu atakufa kwa njaa akiwa na imani yake kamili.

Twende na jambo hilo Ngara. Kuanzia tarehe 28 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Wengi waliwekwa kambini Benaco. Pale darajani hapakuwa na msimulizi wa kumwambia mtu kwamba mwisho utakuwa mwema. Walichokuwa nacho wengi ni majina yao. Habimana: Mungu yupo. Hakizimana: aponyaye ni Mungu. Nsengiyumva: namwomba anayesikia. Majina ya namna hii yanasikika pande zote mbili za mto Kagera, maana Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda ni lugha ndugu. Orodha ya wapewa chakula kambini, kama ingesomwa kwa sauti, ingekuwa sala ndefu.

Je, hii ni kasumba? Sidhani. Mzazi anayemwita mwanawe Nsengiyumva hajalala usingizi. Anamkumbusha Mungu sifa yake: wewe ndiwe usikiaye, basi sikia. Hilo ni dai.

Lakini tusiharakishe kushangilia. Majina hayo hayo waliyabeba waliouawa na waliowaua. Katikati ya Aprili, maelfu ya watu waliokimbilia kanisa la Nyarubuye, si mbali na mpaka wetu, waliuawa humo. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa komuni ya Rusumo, alivuka pamoja na wakimbizi akakaa Benaco. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, na mwaka 2006 rufani ikamalizika kwa kifungo cha maisha. Wanyarwanda wana msemo kwamba Mungu hushinda kwingine, ila usiku hurudi kulala Rwanda. Baada ya Nyarubuye, msemo huo hausomeki tena kama sifa. Unasomeka kama swali.

Bibi yangu mzaa mama ni Mhangaza wa Ngara. Siku zile, kabla malori ya msaada hayajafika, alipika viazi na maharage akawagawia watu waliolala uani kwake. Mwanamume mmoja alisali kwa sauti usiku kucha, akimshukuru Mungu kwa kumvusha salama. Hadi leo bibi hajui yule mtu alikuwa akilikimbia panga au alikuwa amelishika. Nilimwuliza kama anajuta. Akanijibu, "Mjukuu wangu, sala yake ataijua Imana. Mimi niliijua njaa yake."

Bibi hakusoma nadharia, lakini ametenganisha mambo ambayo sisi tunayachanganya. Maneno ya sala hayakumdanganya, wala hayakumzuia kupakua. Kumhukumu yule mtu ilikuwa kazi ya wengine, na haki isipofanywa, chakula cha bibi peke yake hakitoshi.

Wala tusijisifu kupita kiasi. Wakimbizi walizidi wenyeji wa Ngara kwa idadi, miti ikaisha kwa kuni, na uvumilivu nao ukaisha. Desemba 1996 serikali yetu, pamoja na UNHCR, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Waliojaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi walirudishwa na askari hadi Rusumo. Nyumbani kwetu Biharamulo wazee huisimulia habari hiyo kwa sauti ya chini. Humo njiani walikuwamo na akina Nsengiyumva. Safari hiyo, waliopaswa kusikia tulikuwa sisi.

Kwa kuhitimisha, namrudia mwenzangu. Ana haki pale ambapo "Mungu atajalia" inasemwa na aliyeshiba kumwambia mwenye njaa, au na mwenye damu mikononi anayetaka tusahau. Hapo ni kasumba hasa, na mhakiki aiseme bila kuogopa. Lakini kauli ileile, ikitoka kinywani mwa Rehema aliyerudi kibaruani, au mwa bibi mwenye chungu mekoni, ina uzito mwingine. Yeye anamtumaini Mungu na huku anapakua. Mhakiki anayewapa hao wawili alama sawa, eti kwa kuwa maneno yao yanafanana, hajasoma bado. Mwenye hoja tofauti ailete. Kimbweta chetu kipo.