Toe Blake, fundi wa benchi la Montreal

Kocha wa hoki ya barafu hufanya kazi yake akiwa amesimama mgongoni mwa wachezaji wake. Mbele yake kuna benchi, na mbele ya benchi kuna kiwanja cha barafu chenye urefu wa mita 61. Kila timu ina watu sita uwanjani, kipa na wenzake watano, na hao watano hubadilishwa mchezo ukiendelea, bila filimbi kupulizwa. Aliyechoka huteleza hadi kwenye uzio na kuruka ndani, naye mwenzake huruka nje. Siku hizi zamu moja haifiki dakika. Kisahani cha mpira mgumu kinachogombaniwa huweza kupigwa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Katika hali hiyo kocha hana nafasi ya kutafakari. Anachokitumia ni kile alichokwisha kukijua juu ya watu walioketi mbele yake: nani apande sasa, nani asubiri, nani aguswe bega, na nani asisemeshwe kabisa.

Kwa miaka 13, kuanzia 1955 hadi 1968, mtu aliyesimama nyuma ya benchi la Montreal Canadiens alikuwa Hector Blake, ambaye Kanada nzima ilimwita Toe. Alivaa suti na kofia ya pama. Katika misimu hiyo 13 timu yake ilitwaa Kombe la Stanley mara 8, tano kati ya hizo mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960. Hakuna timu nyingine ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, iliyowahi kutwaa kombe hilo miaka mitano mfululizo, kabla yake wala baada yake. Makombe yanahesabika kwa urahisi. Ninachokihusudu zaidi ni ufundi uliokuwa chini yake, ambao Blake aliupata polepole, akiwa mchezaji kwanza, kisha mwanafunzi wa ukocha katika ligi ndogo.

Alizaliwa mwaka 1912 Victoria Mines, kijiji cha wachimba madini katika jimbo la Ontario. Mama yake alikuwa wa jamii ya Wakanada wanaosema Kifaransa, hivyo kijana alikua na lugha zote mbili mdomoni, jambo lililokuja kumfaa sana. Alicheza winga ya kushoto. Mwaka 1939 aliongoza ligi nzima kwa pointi 47, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, katika msimu wa mechi 48, akapewa tuzo ya Hart ya mchezaji mwenye thamani kuliko wote. Mwaka uliofuata akawa nahodha wa Canadiens.

Mwaka 1943 kocha Dick Irvin alimweka katika safu moja na Elmer Lach na kijana mmoja mwenye macho ya moto, Maurice Richard. Msimu wa 1944-45 watatu hao walishika nafasi tatu za juu katika orodha ya ligi: Lach wa kwanza, Richard wa pili, Blake wa tatu. Ndio msimu ambao Richard alifunga mabao 50 katika mechi 50. Wengi wanaikumbuka safu hiyo kwa ajili ya Richard, na ni haki yake. Lakini mwangalie mkongwe aliyecheza ubavu wa pili. Yeye naye alikuwa amewahi kuwa mfungaji bora wa ligi, na sasa kazi yake ilikuwa kugombania kisahani kwenye kona, kukitoa, na kukipeleka mahali ambapo mdogo wake atakuwa baada ya nusu sekunde. Hapo ndipo ninapoyaona masomo ya kwanza ya ukocha wake. Alijifunza kumsoma Richard: anapotaka kisahani, anapokasirika, anapohitaji neno na anapohitaji kimya.

Blake mwenyewe hakuwa mtu wa damu baridi. Alijulikana kwa kubishana na waamuzi. Hata hivyo, msimu wa 1945-46 alicheza akiadhibiwa mara moja tu, dakika 2 kwa msimu mzima, akapewa tuzo ya Lady Byng, ambayo hutolewa kwa mchezaji mwungwana. Miaka 15 baadaye, akiwa kocha, alishuka barafuni baada ya kupoteza mechi iliyokwenda hadi vipindi vitatu vya nyongeza huko Chicago, akampiga refa ngumi, akatozwa faini ya dola 2,000. Lilikuwa kosa, na halipambiki. Ila linatuonyesha kwamba mtu huyu aliijua hasira kwa ndani, kama kitu alichoishi nacho na kupigana nacho kila siku. Maarifa hayo ndiyo yaliyokuja kuhitajika kuliko kitu kingine chochote alipokabidhiwa timu ya Montreal.

Januari 1948 alivunjika kifundo cha mguu katika mechi dhidi ya New York Rangers, na maisha yake ya uwanjani yakaishia hapo. Alikuwa na miaka 35. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Blake, aliyezuiwa kusana, akaenda kuvukuta. Alifundisha timu Houston, halafu Buffalo, kisha akakaa misimu kadhaa Valleyfield, mji mdogo wa viwanda si mbali na Montreal. Mtu mwenye jina kubwa namna ile angeweza kukaa mjini akasubiri aitwe. Yeye alipanda mabasi ya ligi ndogo pamoja na wachezaji ambao magazeti makubwa hayakuwataja, na huko ndiko alikojifunza nusu ya pili ya kazi. Anayecheza winga huona ubavu wake wa uwanja. Kocha hulazimika kuona pande zote kwa pamoja. Nyota aliyeshushwa benchi la kocha huelekea kudhani kila mtu anaweza kufanya alichofanya yeye. Miaka ya kufundisha watu wa kipaji cha kawaida humwondolea mtu dhana hiyo, kwa kuwa hapo hana budi kutafuta kila mmoja anaweza nini hasa, na kumjengea kazi kwa kipimo hicho.

Machi 1955 Montreal iliwaka. Rais wa ligi, Clarence Campbell, alimfungia Richard mechi zote zilizobaki za msimu kwa kumpiga mwamuzi msaidizi. Usiku wa tarehe 17, Campbell alipojitokeza uwanjani Forum, vurugu zilianza ndani zikamwagika mitaani. Siku chache baadaye Bernard Geoffrion, mchezaji wa timu hiyo hiyo, alimpita Richard kwa pointi moja katika mbio za mfungaji bora, na mashabiki wake mwenyewe wakamzomea. Canadiens walipoteza fainali kwa Detroit. Ndiyo nyumba aliyokabidhiwa Blake kiangazi cha mwaka huo, baada ya Irvin kuondoka: shujaa mwenye kinyongo, mshindani wake aliyezomewa na watu wake, lugha mbili katika chumba kimoja, na mji unaodai kombe.

Huwezi kumwongoza mtu kama Richard kwa amri, wala kwa kumbembeleza. Blake alikuwa na kitu ambacho mgeni hangekuwa nacho: aliwahi kufunga viatu vya kutelezea karibu naye, akampelekea visahani, akashinda naye makombe ya 1944 na 1946. Neno lake lilikuwa na uzito kabla halijasemwa. Kwa mwaka wa kwanza tu timu ilitwaa kombe. Mwaka 1956 Richard akafanywa nahodha, na alibaki nahodha hadi alipostaafu mwaka 1960, akiwa ametwaa kombe kila msimu aliochezea chini ya Blake. Geoffrion naye alikuwemo katika timu zote tano, pamoja na wenzake kama Jean Béliveau, Doug Harvey, Dickie Moore na kipa Jacques Plante. Wachezaji 12 walikuwa pale kutoka kombe la kwanza hadi la tano. Kuwafanya watu 12 wenye majina wasichokane kwa miaka mitano, na wasiridhike, ni kazi isiyoandikwa kwenye ubao wa matokeo.

Ligi yenyewe ilikuwa na timu sita tu. Kila timu ilikutana na kila mpinzani mara 14 kwa msimu wa kawaida. Hakuna siri inayodumu katika ligi ya namna hiyo. Kila mtu alijua Canadiens watafanya nini, hasa pale mpinzani anapoadhibiwa na kubaki na watu pungufu. Wakati huo Blake alikuwa na Harvey, beki aliyeweza kuupunguza au kuuharakisha mchezo apendavyo, na kandokando yake, kwenye mstari wa buluu walikozoea kusimama mabeki, alisimama Geoffrion, mshambuliaji mwenye shuti kali. Mbele walikuwepo Béliveau na Richard. Tarehe 5 Novemba 1955 Béliveau aliifunga Boston mabao matatu ndani ya sekunde 44, wapinzani wakiwa pungufu. Kwa kanuni za siku hizo aliyepewa adhabu ndogo alikaa nje dakika mbili kamili hata timu yake ikifungwa mara ngapi. Kuanzia msimu wa 1956-57 ligi ilibadilisha kanuni, ikawa bao moja likiingia aliyeadhibiwa anarudi. Ufundi uliowalazimu wengine kuandika sheria upya umethibitishwa vya kutosha. Canadiens walishinda kombe chini ya sheria mpya kama walivyoshinda chini ya ile ya zamani.

Kuna usiku mmoja unaonionyesha Blake kuliko usiku wowote wa kombe. Tarehe 1 Novemba 1959, mjini New York, Andy Bathgate wa Rangers alipiga kisahani kikampasua Plante usoni. Siku hizo makipa walicheza uso wazi, na timu haikuwa na kipa wa akiba benchini. Plante alishonwa, kisha akasema hatarudi golini bila kinyago alichokuwa akikivaa mazoezini. Blake alikuwa akikipinga kinyago hicho. Aliamini kinamzuia kipa kuona na kinaweza kumlegeza. Alikubali, kwa sharti kwamba kitavuliwa jeraha likipona. Montreal ilishinda mechi hiyo 3 kwa 1 na kuendelea kushinda. Machi 1960, kwa ombi la Blake, Plante alicheza mechi moja uso wazi dhidi ya Detroit, wakafungwa 3 kwa 0. Kinyago kikarudi, na ubishi ukaisha. Mwezi uliofuata timu ilitwaa kombe la tano kwa kushinda mechi zote 8 za mtoano.

Nautazama uamuzi ule kwa heshima kubwa. Blake alikuwa na imani yake na mamlaka ya kuishikilia. Aliacha mchezo wenyewe umjibu, na jibu lilipokuja kinyume chake hakumlipiza Plante wala hakulitafutia udhuru. Leo hakuna kipa wa hoki anayesimama golini uso wazi, na sehemu ya sababu ni kocha aliyekubali jambo asilolipenda.

Miaka ya 1960 ilimpa mtihani mwingine. Richard alistaafu, Harvey akaenda Rangers, Plante naye akahamishiwa huko. Miaka minne ilipita bila kombe. Kisha Blake akajenga tena, kwa vifaa vingine. Katika fainali ya 1965 Chicago walikuwa na Bobby Hull, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote. Blake alimpa Claude Provost kazi ya kuwa kivuli chake: kumfuata kila zamu, kukaa kati yake na kisahani, na kusahau mabao yake mwenyewe. Si rahisi kumwomba mshambuliaji ajinyime hivyo. Provost alikuwa mmoja wa wale 12 wa zamani, alikwisha kuziona kazi ndogo zikiheshimiwa chumbani humo, na alikubali. Montreal ilishinda katika mechi ya saba, ikashinda tena 1966.

Mwaka 1968 walikutana na St. Louis, timu mpya iliyofundishwa na Scotty Bowman, huku Harvey na Moore wakiwa upande wa pili. Mechi nne zote zilikwenda kwa Montreal, na mara baada ya ushindi Blake alitangaza kuacha kazi, akiwa na miaka 55. Uzito wa kazi ulikuwa umemla. Alikuwa ameshinda mechi 500 za msimu wa kawaida kati ya 914.

Rekodi yake ya makombe 8 ilivunjwa mwaka 2002, na aliyeivunja ni Bowman yuleyule, ambaye hakuwahi kucheza hata mechi moja ya NHL. Kwa hiyo kuwa nyota si sharti la ukocha. Kilichomfanya Blake kuwa fundi ni kwamba aliyatendea kazi mambo mawili ambayo wachezaji wengi wakubwa huyaacha yapite. Alipokuwa uwanjani aliwasoma wenzake, ingawa angeweza kujitazama mwenyewe tu. Alipotolewa uwanjani alikubali kuanza chini, kwa watu wasio na majina, mpaka alipojua kazi. Kila mchezaji anayetaka kuwa kocha anaweza kuanza na hayo mawili leo, kabla hajastaafu, kwa kumtazama vizuri mwenzake aliyeketi karibu naye.