Kiwanda na Familia: Tuuchambue Mfumo wa Bata

Katika madarasa ya siasa sehemu za kazi, yako maneno ambayo mameneja hupenda kuyasema: "Hapa sisi sote ni familia moja." Ni maneno matamu, na mara nyingi hupigiwa makofi. Sisi tunaona yanastahili kuchambuliwa kabla ya makofi. Na hakuna njia bora ya kuyachambua kuliko kukitazama kiwanda kilichojaribu kuyatekeleza kwa vitendo. Kiwanda hicho ni cha Bata, ambacho viatu vyake wanafunzi wa Afrika Mashariki wamevivaa vizazi kwa vizazi.

Bata ilianzishwa mwaka 1894 katika mji mdogo wa Zlín, huko Moravia, nchi iliyokuwa wakati ule chini ya dola ya Austria na Hungaria. Waanzilishi walikuwa ndugu watatu wa ukoo wa washona viatu: Antonín, Anna na Tomáš Baťa. Mtaji wao ulikuwa urithi wa mama. Mwaka 1904 Tomáš alikwenda Marekani, akafanya kazi kiwandani huko Lynn, Massachusetts, akajifunza jinsi mashine inavyogawa kazi ya fundi mmoja kwa mikono mingi. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaleta oda za viatu vya askari, na karakana ikawa kiwanda kikubwa. Damu ya wakulima waliovalishwa viatu hivyo haitajwi sana katika historia za kampuni.

Lazima tuseme kweli juu ya yale mazuri, maana mchambuzi anayeficha mema ya mpinzani wake hataaminika anapotaja mabaya. Wafanyakazi wa Zlín walijengewa nyumba za matofali zenye bustani. Walipata hospitali, shule na jumba kubwa la sinema. Mwaka 1930 walianza juma la kazi la siku tano, wakati ambapo wafanyakazi wengi wa Ulaya walikuwa hawajaliota. Mtu aliyetoka katika umaskini wa vijiji vya Moravia hakuwa mjinga kuyathamini hayo.

Lakini tuulize: yalitolewa kwa masharti gani? Nyumba ilikuwa ya kampuni, na aliyepoteza kazi aliweza kupoteza na paa. Vijana wa shule ya kazi, iliyofunguliwa mwaka 1925, walilala katika mabweni ya kiwanda na hata matumizi ya ujira wao yalisimamiwa. Mwaka 1923 Tomáš Baťa akawa meya wa mji. Basi mwajiri, mwenye nyumba na mkuu wa mji wakawa mtu yule yule. Chama cha wafanyakazi kilicho huru hakikuwa na nafasi katika familia hiyo, kwani mtoto akijadiliana na baba kupitia mwakilishi huitwa mkosefu wa adabu.

Jambo linalosifiwa kuliko yote ni gawio la faida lililoanza mwaka 1924. Kila karakana ilikuwa na hesabu yake, na mfanyakazi aliyeingizwa katika mpango huo alijua kila juma imepata nini. Ni fundisho kubwa, na mashirika yetu mengi ya umma hayakufikia uwazi wa namna hiyo. Hata hivyo sehemu ya gawio ilibaki kiwandani katika akaunti ya mfanyakazi, ikizaa riba ya asilimia 10. Kwa lugha nyepesi, mtoto alimkopesha baba. Miaka miwili kabla, mwaka 1922, Bata ilipunguza bei ya viatu kwa nusu na mishahara kwa asilimia 40, huku ikiwauzia wafanyakazi chakula na nguo kwa bei nafuu. Uamuzi huo uliokoa kiwanda. Ulitolewa na mtu mmoja.

Mwaka 1933 mwandishi T. Svatopluk, aliyepata kuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, alitoa riwaya iitwayo Botostroj iliyowaonyesha wasomaji maisha ya ndani ya mfumo huo. Kampuni ilikwenda mahakamani na kitabu kikapigwa marufuku.

Kipimo halisi cha undugu, hata hivyo, ni mirathi. Tomáš alikufa katika ajali ya ndege mwezi Julai 1932. Maelfu ya watu waliokuwa wakiitwa wana wa familia hawakuulizwa neno. Kiwanda kilikwenda kwa ndugu yake wa baba, Jan Antonín. Ni yeye aliyejenga jengo refu la makao makuu lenye ofisi ya mkuu ndani ya lifti, yenye beseni la kunawia, ili aweze kupanda na kushuka kati ya ghorofa bila kuondoka mezani. Baada ya vita, Jan Antonín na Thomas, mwana wa Tomáš, wakashtakiana kwa miaka mingi wakigombea mali. Wanasheria walichambua hati za wenye damu moja. Hakuna mshona soli aliyefika mahakamani kudai fungu lake, wala hakuna ambaye angemsikiliza.

Huko Czechoslovakia serikali ilitaifisha kiwanda mwaka 1945. Kwetu Tanzania, Bata ilikuwa miongoni mwa kampuni ambazo umma uliamua kuchukua hisa zake mwezi Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha. Hapo baadhi yetu tulidhani swali limekwisha. Kumbe mwenye mali alibadilika, lakini kiti cha baba hakikuondolewa. Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, lakini kazi yake ilikuwa kushauri, na meneja alibaki na neno la mwisho. Tangu miaka ya 1990 viwanda vingi vya umma vimeuzwa, na neno "familia" tunalisikia tena katika hotuba za mameneja. Mfanyakazi anayelisikia aombe aonyeshwe hesabu ya karakana yake, na aulize ni nani aliyehudhuria kikao kilichopanga mshahara wake.