Kiti cha Thonet na Suala la Gundi

Historia ya usanifu wa vyombo vya viwandani imezoea kuandikwa kama nasaba. Nikolaus Pevsner, katika kitabu chake cha mwaka 1936, alianza na William Morris akakomea kwa Walter Gropius, na wengi waliomfuata wamehesabu mabwana na shule zao vivyo hivyo. Nasaba hiyo ina faida yake. Lakini humzoeza msomaji kutazama umbo la chombo kabla ya kuuliza kimeungwaje.

Natukitwae kiti namba 14 cha Michael Thonet, kilichotolewa mwaka 1859. Husifiwa kwa mgongo wake uliopindwa, na sifa hiyo ni ya haki, ila haifiki kwenye kiini. Hapo awali Thonet alipinda mbao nyembamba zilizoshikanishwa kwa gundi, na gundi ya siku zile haikustahimili unyevu. Kiti namba 14, kilipokwisha kukamilika, kilitumia fito nzima zilizolainishwa kwa mvuke na kupindwa katika kalibu za chuma. Kizima kilikuwa vipande 6 vya mti, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo, vikapelekwa ng'ambo, vikaungwa huko na yeyote mwenye bisibisi. Mguu ukivunjika, huletwa mguu. Henzirani ya kikalio ikitoboka, husukwa nyingine. Kwa maoni yangu skrubu hizo zastahili sifa kuliko mgongo. Najua nitaambiwa kwamba Thonet alikuwa mfanyabiashara aliyetaka kupunguza nauli, si kumhurumia mnunuzi. Na iwe hivyo, sikumwita walii.

Vyombo vya leo vimeirudia gundi. Simu nyingi za mkononi hugandishwa nayo, hata betri ikichoka mwenyewe hana budi ama kuitupa simu nzima ama kumlipa fundi kwa kazi yenye hatari. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni inayotaka betri za vyombo vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia Februari 2027, ingawa baadhi ya vyombo vimesamehewa. Linalonisikitisha ni kwamba amri hiyo ilibidi itoke kwa watunga sheria, ilhali wasanifu, waliokuwa na kiti hicho mbele ya macho yao tangu karne ya 19, waliendelea kusifu chombo kisichoonyesha kiungo.