Kifua Katika Kioo: Namna Taswira ya Eksirei Inavyotengenezwa

Mtu aliyekohoa wiki kadhaa anapopigwa picha ya kifua Kakonko, Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, taswira aionayo tabibu katika kioo cha kompyuta siyo ile iliyopokewa na bamba la mionzi, bali ni tafsiri yake. Na tafsiri hiyo, ambayo aghalabu hupangwa mara moja tu, siku mashine inapofungwa, ni sehemu ya uchunguzi wa maradhi wenyewe.

Bamba linalohifadhi biti 12 hutambua madaraja 4,096 ya kijivu, ilhali kioo cha kawaida huonyesha 256, kwa hiyo programu haina budi kuchagua. Mapafu, kwa kuwa yamejaa hewa, hupitisha mionzi kwa wingi, na moyo na uti wa mgongo huizuia. Ukitaka vyote vionekane pamoja, vyote hufifia, na ukiyapendelea mapafu, kilichojificha nyuma ya moyo humezwa na weupe. Zama za filamu uchaguzi huo uliamuliwa na kemikali zake, na watengenezaji wa mashine za kidijiti wakaiga mwenendo wa filamu ili macho yaliyoizoea yasitaabike.

Lililo zito zaidi ni kunoa kingo. Programu hulinganisha kila nukta na wastani wa jirani zake, kisha huikuza tofauti iliyopo, hata mbavu na mishipa ya damu ikatokea bayana, na wengi, kwa haki ya macho yao, huipenda picha kali namna hiyo. Lakini mionzi ikiwa haba, chembechembe za kelele, yaani madoa yasiyotoka mwilini, nazo hukuzwa, na pafu zima likaonekana limetapakaa vipele vidogo mfano wa kifua kikuu kilichosambaa, ambacho vinundu vyake halisi huwa na ukubwa wa milimita 1 hadi 3. Kando ya moyo nako huzuka mstari mweusi unaoweza kudhaniwa kuwa ni hewa iliyovuja. Ukilainisha kupita kiasi ili kuikimbia dosari hiyo, vinundu vya kweli hufutika.

Siku hizi msomaji huweza kuwa mashine: utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 2014 uliipima programu ya CAD4TB katika kutambua kifua kikuu, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza programu za namna hiyo kwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Mashine nayo husoma kile ilichopewa tu.

Kakonko iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, mjini Kigoma, na picha ikitumwa huko kwa kukipiga picha kioo kwa simu, bingwa atakayeipokea ataweza kuongeza mwanga, lakini hatarudisha kilichokwisha kuondolewa. Basi nawasihi waganga wakuu wa wilaya hizi tatu: taswira ghafi ihifadhiwe na kutumwa pamoja na iliyotengenezwa, na mpango wa kioo uchaguliwe na wale watakaosoma, kwa mapafu peke yake na kwa moyo peke yake.