Nzi huyu hatambuliki kwa picha ya mgongo

Ukimpiga picha nzi mwenye nywele ngumu mgongoni ukaipandisha iNaturalist, sekunde chache tu unaletewa majina. Kwa ndege au kipepeo, mara nyingi jina linakuwa sahihi. Kwa nzi wa familia ya Tachinidae mambo ni tofauti kabisa.

Hawa ni nzi vimelea. Jike hutaga juu ya mdudu mwingine, au hata kwenye jani ambalo kiwavi atalila, kisha funza anamla mwenyeji wake kutoka ndani mpaka anamuua. Spishi zilizopewa majina zinazidi 8,000, na ukiwatazama haraka wengi utadhani ni nzi wa nyumbani aliyekula akashiba. Alama inayowatenga na nzi wa mizoga ni kinundu kidogo chini ya kibamba cha mwisho cha kifua. Kinundu hicho kinaonekana vizuri kwa ubavuni. Sasa sisi wote tunapiga picha kwa juu! Ukitaka kufika kwenye spishi, unahesabu nywele za kifua na za uso, na kwa makundi mengi lazima uchunguze sehemu za uzazi za dume kwa hadubini. Akili mnemba haiwezi kuona kitu ambacho kamera haikukiona.

Tuitendee haki programu: mara nyingi huanza na jenasi au familia. Sisi ndio tunateremka chini kubonyeza lile jina refu la kupendeza. Lawama yangu hasa ni kwa lebo ya "kiwango cha utafiti". Watu wawili wakikubaliana, inaweza kutosha, na rekodi yenye leseni inayofaa huenda moja kwa moja GBIF, ambako watafiti tunachota data. Lakini kama wote wawili wamefuata pendekezo la mashine ileile, hapo kuna shahidi mmoja tu aliyehesabiwa mara mbili.

Na si ubishi wa majina tu. Tangu viwavijeshi vamizi walipogunduliwa Afrika mwaka 2016, tunatafuta maadui wao wa asili. Nchini Kenya nzi Palexorista zonata amepatikana akiwashambulia. Tukijaza ramani kwa majina ya kubahatisha, tutajuaje shamba lipi lina msaidizi huyo kabla mkulima hajapulizia dawa inayoua wote?

Mimi ningependa rekodi ya kiwavi aliyefugwa kwenye chupa: alitoka kwenye mmea gani, nzi alitoka lini, picha ya ubavu, ya uso na ya bawa, na nzi mwenyewe akahifadhiwa kwenye alkoholi. Huna hayo? Andika Tachinidae, uishie hapo. Atakayekuja na hadubini ataendelea.