Kupima Upungufu, Kuacha Mahitaji: Uhakiki wa Tathmini ya Kiingereza cha Kitaaluma katika Elimu ya Juu, Dar es Salaam

Mjadala kuhusu Kiingereza cha wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Tanzania hurejelea mara nyingi ripoti ya Criper na Dodd (1984). Watafiti hao walibaini kuwa chini ya asilimia 20 ya sampuli yao ya chuo kikuu ndio wangeweza kusoma kwa wepesi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Tiba iliyopendekezwa ilikuwa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza. Ushahidi huo ni mzito. Hata hivyo, uhakiki huu unadai kuwa haukutosha kuzaa tiba hiyo.

Jaribio la jumla la lugha huonesha mwanafunzi amepungukiwa kiasi gani. Halioneshi anatakiwa kuifanyia lugha hiyo kazi gani. Hutchinson na Waters (1987) walitenganisha mambo matatu: mahitaji ya lazima, mapungufu na matakwa ya mwanafunzi. Tathmini inayoishia kwenye mapungufu huelekea kuzaa kozi moja ya sarufi kwa mwanasheria na mhasibu.

Tuchukulie mwanafunzi wa uhasibu katika Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa mwaka 1965, katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, jirani na Kariakoo. Ikiwa amekulia dukani, anaweza kueleza kwa Kiswahili jinsi mali kauli inavyozalisha deni, na kwa nini faida iliyomo daftarini haijawa fedha mkononi. Dhana anayo. Akiulizwa jambo hilohilo kwa Kiingereza, akajibu kwa sentensi za kukariri, msahihishaji hawezi kujua kilichokosekana ni uhasibu au ni lugha. Alama ni moja, vyanzo ni viwili. Na alama hiyo yaweza kumwondoa masomoni.

Yapo mapingamizi ya haki: vitabu vingi vya fani hiyo vimeandikwa kwa Kiingereza, na kupima kwa lugha mbili kuna gharama. Lakini pingamizi la kwanza linathibitisha haja ya kuchunguza vitabu hivyo, maswali ya mitihani na ripoti anazoandika mwanafunzi kabla ya kutunga kozi. La pili linajibika kwa kupima dhana chache za msingi katika lugha zote mbili. Pasipo ulinganisho huo, chuo hakina msingi wa kudai kuwa aliyeshindwa hakuelewa.