Makinikia ya Elimu

Machi 2017 Serikali ilipozuia makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yasisafirishwe nje, makontena 277 yalishikiliwa Dar es Salaam, na kila kijiwe cha Kahama kikawa na mtaalamu wa mchanga wa dhahabu. Hoja ilieleweka na wote: mali inatoka ghafi, inachenjuliwa ng'ambo, thamani inabaki huko huko. Kuna mali nyingine inayotoka katika ukanda huo huo, nayo ni elimu. Hiyo hatuiulizi kwa ukali ule ule.

Tuchukue Rwamagasa, Geita. Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, na mvuke wake huingia mapafuni. Watafiti walipima udongo, mito na samaki, matokeo yakatoka 2005. Wengine wakapima damu, mkojo na nywele za wachimbaji wenyewe, matokeo yakatoka 2010. Taarifa zote mbili zilichapishwa kwa Kiingereza katika Science of the Total Environment, jarida la kampuni ya Elsevier ya Amsterdam, linalouzwa kwa usajili. Maktaba ya chuo ikilitaka jarida la aina hiyo hulipa, peke yake au kupitia COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti nchini. La sivyo hutegemea hisani ya mpango wa Research4Life. Damu ilitoka Geita. Kuisoma ni kwa fedha au kwa hisani.

Sasa nchi tajiri zimeanza kufungua mlango. Wagharimiaji wa utafiti wa Ulaya walitangaza Plan S Septemba 2018. Waraka wa Ikulu ya Marekani wa 25 Agosti 2022 uliagiza kwamba, ifikapo mwisho wa 2025, utafiti uliogharimiwa na Serikali hiyo usomwe bure mara tu unapochapishwa. Waraka wa 2013 uliruhusu kusubiri miezi 12. Msingi wake ni kwamba mlipa kodi amekwisha kulipa, asilipishwe tena. Ni msingi sahihi, na tunauunga mkono. Kosa ni kuishia kwa mlipa kodi. Mchimbaji wa Rwamagasa naye amelipa, kwa mwili wake.

Tena bepari hakulala. Alipozuiwa kwa msomaji alihamia kwa mwandishi. Novemba 2020 wenye jarida la Nature walitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja. (Mhadhiri wetu na apige hesabu hiyo kwa mshahara wake.) Tutaambiwa msamaha upo kwa nchi maskini. Upo, lakini mara nyingi hauyagusi majarida yanayouza usajili na papo hapo kutoza ada. Na anayeishi kwa msamaha hapangi bei.

Hata hivyo hapana budi tujikosoe. Ni sisi vyuoni tunaompandisha mhadhiri cheo kwa jarida la ng'ambo na kulidharau la nyumbani. Brazil ilianzisha SciELO mwaka 1997 kwa fedha za umma, majarida yake yakasomwa bure. Ya kwetu kadhaa yanasomwa bure kupitia AJOL, lakini uhariri wake mara nyingi huachiwa walimu waufanye usiku, baada ya kusahihisha mitihani.

Sera yetu ingeanza hapa: kila utafiti unaochukua sampuli Shinyanga au Geita uache nakala kamili, pamoja na muhtasari wa Kiswahili, katika maktaba ya chuo iliyo karibu na katika zahanati ya kijiji. Kizumbi, Shinyanga, kampasi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ipo tayari. Mkutubi apewe kazi hiyo pamoja na fungu lake, ili mama anayechoma zebaki uani kwake ajue ni nini kilichokutwa katika damu ya majirani zake.